Wazimu haushiki kalamu

BARAZANI
Na Mwanaidi Kombo

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu aliniletea daftari la mashairi. Ameyaandika tangu alipotoka wodini, alikolazwa baada ya kuanza kusikia sauti ambazo sisi wengine hatukuzisikia. Anataka nimsaidie yachapishwe. Mama yake hataki kusikia. "Dada Mwana, yakitoka hayo, nani atakuja kuposa hapa?"

Simlaumu. Mtu akivunjika mguu tunampelekea uji na machungwa. Akiugua akili tunafunga dirisha. Mtaani ataitwa chizi, wa kupelekwa hospitali ya akili ya Mirembe, na hata akipona jina limeshamganda. Mficha maradhi kilio humuumbua, twasema, lakini maradhi haya tumeyatoa kwenye methali.

Nikamsimulia mama huyo habari za mwandishi Bessie Head. Alizaliwa mwaka 1937 Pietermaritzburg, Afrika Kusini, katika hospitali ya wagonjwa wa akili alimofungiwa mama yake. Mama alikuwa mzungu, baba mtu mweusi, na sheria za nchi ile hazikuwa na nafasi ya mtoto wa namna hiyo. Mwaka 1964 akahamia Botswana na mwanawe mdogo, akaishi Serowe. Mwaka 1971 akili ilimwelemea, akalazwa hospitali ya Lobatse. Miaka miwili baadaye ikatoka riwaya yake, A Question of Power.

Mhusika wake, Elizabeth, ni yeye mwenyewe, na Bessie hakulificha hilo. Usiku Elizabeth anateswa na Sello na Dan, watu ambao hakuna mwingine awaonaye wakiwa chumbani mwake. Kukicha anakwenda bustanini na wanakijiji, anapanda mboga, anapika jamu ya vitunda vya njano. Mimi usiku ule ulinitisha, lakini kilichonibaki moyoni ni ile bustani.

Wapo wanaodai kipaji huletwa na wazimu. Wanadhani wanamsifu msanii, kumbe wanamnyang'anya kazi yake. Wazimu haukuandika riwaya ile. Kuchagua ianzie wapi, kipi kikatwe, bustani iingie mahali gani baada ya usiku gani, hiyo ni kazi ya fundi aliyekaa kitako akijua anachokifanya. Ugonjwa ulimpa mzigo tu; kuufungua na kuupanga alifanya mwenyewe.

Na wapo wanaosoma kitabu kama hicho kama faili la daktari: wanatafuta dalili, wanahesabu dawa, kisha wanamwonea huruma mwandishi. Huruma si usomaji. Anayetunga kutokana na maumivu yake anastahili kuulizwa analoulizwa mtunzi yeyote: je, umetunga vizuri?

Hofu ya mama naielewa, na posa si jambo dogo. Ndiyo maana nimesema jina liwekwe au lisiwekwe, uamuzi ni wa binti. Mtu hatakiwi kuanika kidonda chake ili sisi tujione tumeelimika. Lakini akiamua kusema, tusimzibe mdomo kwa kisingizio cha kumsitiri.

Jana nimemrudishia daftari. Shairi la tatu ni zuri sana, nimemwambia hivyo. Katika la tano nimezungushia kalamu nyekundu beti mbili ambazo vina vimelegea. Aliziangalia, akakunja uso, akaanza kunibishia. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi, na wodi hatukuitaja hata mara moja.