MGENI RASMI AJE NA MASIKIO

Ndugu wanachama, kiongozi akialikwa kufungua maonyesho ya ramani za mji, na aende. Lakini twauliza: aenda kula au kusikiliza?

Novemba 2015 Rais Magufuli aliagiza sehemu kubwa ya fedha za karamu ya kufungua Bunge inunue vitanda vya Hospitali ya Muhimbili. Wabunge hawakufa njaa. Wagonjwa waliolala chini walipata vitanda.

Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na miji yetu ingali inakua. Basi mgeni rasmi abaki baada ya ngoma, amsikilize mkulima wa kahawa ambaye barabara ya ramani ile itapita shambani mwake. Karamu hiyo imelipwa kwa jasho lake.