Mchumba Anaona Aibu Unauza Mapanki?

Dada mmoja wa Kirumba kaniuliza: mchumba wake anataka aache kuuza mapanki ndipo atoe mahari, eti ni takataka za kiwandani. Shosti, mimi nasema usiache!

Sangara akishatolewa minofu ya kwenda Ulaya, kinachobaki ni zaidi ya nusu ya samaki. Mapanki hukaangwa yakaliwa, mifupa husagwa kuwa chakula cha kuku, mafuta huchemshwa na kuchujwa, ngozi huweza kutengenezwa viatu. Na bondo likikaushwa, Wachina hulinunua kwa bei inayoushinda mnofu wenyewe, kilo kwa kilo.

Na wewe kaka, mwenzio anatoa pesa kwenye kile wengine wanachokitupa. Mtafutie mtaji, siyo visingizio.