Mark X ni bei rahisi mpaka siku unainunua

Wacha nianze na ukweli ndio tusipoteze wakati: naipenda Mark X. Na si ile kupenda ya kusema tu. Picha yake imekaa kwa simu yangu tangu kidato cha tatu. Nikisikia moja ikipita Thika Road usiku, shingo inageuka kabla akili haijaambiwa. Kwa hivyo kama ulikuja kusoma mtu akiwatukana wenye Mark X, umepotea njia.

Miezi mitatu iliyopita nilikuwa karibu kuinunua. Nilikuwa na akiba ya Sh600,000, pesa ya miaka mitatu ya kushika kamera kwa harusi, ruracio na video za makanisa. SACCO ilikuwa tayari kuniongezea Sh900,000. Jumla milioni moja na nusu. Kulikuwa na yadi Ngong Road yenye ya 2014, nyeupe, imeoshwa mpaka unajiona usoni. Muuzaji alishaanza kuniita "boss".

Sijainunua. Hii ndio sababu, na naandika kwa sababu najua si mimi peke yangu niko na hiyo hesabu kichwani.

Kwanza tuipe gari heshima yake. Milioni moja na nusu hiyo hiyo inakupatia Demio au Vitz ya juzi juzi, gari safi, haina maneno. Lakini Mark X inakupatia injini ya V6 ya lita 2.5, nguvu ya farasi 203, gia otomatiki sita, na magurudumu ya nyuma ndio yanasukuma. Hiyo ya mwisho ndio watu wa magari wanapenda. Magurudumu ya mbele yanabaki na kazi ya kukata kona peke yake, na usukani unakuambia barabara iko aje. Ndani ni kimya, viti vimekaa vizuri, watu watano wanaingia na mizigo yao. Kwa bei hiyo, ni gari chache sana zinakupa zote pamoja. Subaru Legacy B4 inakuja karibu, na inasukuma magurudumu yote manne. Mazda Atenza ni mrembo kuliko zote, sibishani. Lakini Mark X iko na ile kitu. Unajua tu.

Sasa swali ambalo sikujiuliza mapema: kama ni gari nzuri hivyo, mbona ni rahisi?

Jibu liko Japani. Mark X ilichukua nafasi ya Mark II mwaka 2004, na ilitengenezewa soko la Japani. Pale kwao haikuwa gari ya vijana wa kujionyesha. Ilikuwa gari ya mzee wa ofisi, mtu wa suti aliyepanda cheo. Na Japani, kodi ya gari ya kila mwaka inapanda kulingana na ukubwa wa injini, na gari ya petroli ikipita miaka 13 kodi inaongezwa tena. Juu ya hiyo kuna ukaguzi wa lazima: gari mpya inakaa miaka mitatu, halafu inakaguliwa kila baada ya miaka miwili, na si bure. Mwenye gari akipiga hesabu, anaona heri aiuze. Zaidi ya hapo, wengi kule walishahamia gari ndogo na zile za kupanda juu. Sedani kubwa ikakosa wateja, bei ikaanguka.

Kwa maneno mengine, yule mzee hakukuuzia raha kwa bei ya chini kwa sababu anakupenda. Alikuwa anakimbia gharama. Na gharama haikubaki Yokohama. Ilipanda meli na hiyo gari mpaka Mombasa.

Hebu tupige hesabu yangu mwenyewe, si ya mtu mwingine. Nikizunguka kilomita 40 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, hiyo ni kilomita 880. V6 kwa jam ya Nairobi, tuseme inaenda kilomita 8 kwa lita. Ni lita 110. Weka lita moja kwa Sh180, unapata Sh19,800. Gari ya 1500cc inayoenda kilomita 14 kwa lita ingekula kama Sh11,300. Na usisahau kila tarehe 14 EPRA inatangaza bei mpya, na wewe huna kura.

Bima kubwa, nikiweka asilimia 4 ya bei ya gari, ni Sh60,000 kwa mwaka. Sh5,000 kwa mwezi. Mkopo wa Sh900,000 kwa miaka mitatu, riba asilimia moja kwa mwezi kwa deni linalobaki, ni karibu Sh29,900 kila mwezi. Halafu weka Sh7,000 kando ya oili, breki, tairi na mambo ya ghafla. Jumla: Sh61,700.

Mwezi wangu mzuri, ule wa Desemba wenye harusi kila Jumamosi, naingiza kama Sh110,000. Mwezi mbaya, Sh45,000. Na bado sijalipa nyumba, sijala, sijatumia mathe kitu.

Najua kuna mtu ameshasema, "Lakini si unaweza kupunguza hapa na pale?" Ndio. Unaweza. Na hapo ndio nataka ukae chini unisikize, kwa sababu hiyo "kupunguza hapa na pale" karibu initoe dadangu.

Binamu yangu ako na Mark X. Alinunua mwaka juzi, na ndiye alinitia hii homa. Jumapili moja mwezi wa nne tulikuwa tunatoka kwa shughuli ya familia huko Kikuyu, yeye akiendesha, mimi mbele, dadangu wa miaka kumi na sita nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwa dashibodi kulikuwa na taa mbili za njano, ile ya injini na ile ya gari inayoteleza. Nikamuuliza. Akasema, "Hiyo huwa tu hivyo, buda. Zoea."

Tukashika Southern Bypass. Tukifika pale pa kutokea kuingia Lang'ata Road, kwa ile kona, sehemu ya nyuma ya gari ikaamua kutupita. Hatukuwa tunakimbia. Ilikuwa spidi ya 60 hivi. Aligusa mafuta kidogo tu, nyuma ikachomoka, tukazunguka, tukasimama tukiangalia tulikotoka. Kulikuwa na lori linakuja. Dereva wake alikuwa macho, Mungu ambariki popote alipo. Lilisimama kama hatua kumi kutoka kwa mlango wa dadangu. Hakulia. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, "Tumefika?"

Siku iliyofuata nikaenda na binamu kwa fundi, Kariobangi Light Industries. Fundi hata hakufungua boneti kwanza. Aliinama akaangalia tairi za nyuma. "Hizi mlitoa wapi?" Zilikuwa mitumba. Binamu alikuwa amenunua nne kwa Sh18,000, kwa sababu mpya za inchi 18 aliambiwa Sh16,000 moja, yaani Sh64,000 zote. Juu zilionekana sawa. Mpira ulikuwa mzee, umekauka, hauwezi kushika lami iliyolowa.

Na zile taa mbili? Fundi akatueleza polepole kama watoto wa darasa la kwanza. Kwa Toyota nyingi za aina hii, injini ikiwa na hitilafu ambayo haijarekebishwa, kompyuta ya gari inazima pia ule mfumo wa kuzuia gari isiteleze. Huo mfumo ndio hufunga breki ya gurudumu moja na kupunguza nguvu ya injini ukianza kupoteza gari. Hitilafu yenyewe ilikuwa koili moja ya moto. Kitu cha elfu chache pale Kirinyaga Road. Binamu alikuwa ameiahirisha miezi mitano, kwa sababu kila mwisho wa mwezi petroli na mkopo vilikuwa vishamaliza pesa.

Elewa hiyo vizuri. Gari ilikuja na kinga, na binamu hakuizima kwa kiburi. Ni umaskini wa mwenye gari kubwa ndio uliizima.

Hapo ndio niliona kitu ambacho hakuna muuzaji wa yadi atakuambia. Gari ya kasi ya bei nafuu inakuuzia mwendo kwa bei rahisi, lakini kusimama hakujawahi kuwa rahisi. Nguvu 203 unazipata siku ya kwanza, zimelipiwa na mzee wa Japani. Tairi, breki, shoki na zile taa za dashibodi ni zako. Na pesa ikikosa, hakuna mtu hupunguza mwendo. Watu hupunguza tairi.

Vitz yenye tairi mbaya pia ni hatari, sikatai. Lakini Vitz haikubembelezi ukanyage. Na magurudumu yake ya mbele ndio huvuta, kwa hivyo mara nyingi ikiteleza inakataa tu kukata kona, na ukiachilia mafuta inarudi. Inayosukuma kwa nyuma ikipoteza mshiko inazunguka, na kuirudisha kunahitaji mkono ambao wengi wetu hatuna, hata kama tumeangalia video ngapi.

Kuna presha nyingine siku hizi, na yule muuzaji wa Ngong Road aliitumia kwangu. "Boss, hizi zinaisha." Ni kweli, sitamwita mwongo. Toyota iliacha kutengeneza Mark X mwaka 2019, na Kenya hairuhusu gari ya mtumba iliyopita miaka 8 kuingia. Hesabu ni rahisi, mlango unafungwa. Lakini fikiria upande wa pili. Zile ziko hapa nchini zitazidi kuzeeka, na zile za zamani zaidi, za kizazi cha kwanza, zilishajulikana kwa kula oili na kujaza masizi ndani ya injini. Gari inayoisha sokoni si sababu ya kukimbia kununua. Ni sababu ya kuangalia vizuri ni nani anaiuza na kwa nini ameamua kuiuza sasa.

Nilipomwambia mathe sinunui tena, nilidhani atafurahi tu yaishe. Akaniuliza, "Na ungekuwa na pesa ya kuitunza, ungenunua?" Nikasema ndio. Akasema, "Basi gari haina shida. Ngoja."

Kwa hivyo siwezi kukuambia usinunue. Nikikuambia hivyo nitakuwa mnafiki, picha bado iko kwa simu. Nitakuambia kile ninachofanya mimi. Kila mwezi naweka kando Sh61,700 kama vile gari tayari iko kwangu. Zote, pamoja na za tairi. Nimejipa miezi sita mfululizo. Nikiweza, nitakuwa na zaidi ya Sh370,000 juu ya akiba yangu, mkopo utakuwa mdogo, na nitajua kwa mwili wangu, si kwa ndoto, kwamba naweza. Nikishindwa hata mwezi mmoja, huo ndio mwezi ambao taa ya njano ingewaka na ningesema "huwa tu hivyo".

Niko mwezi wa tatu. Wa kwanza niliweza. Wa pili niliweza, kwa kula ndengu mpaka nikachoka nazo. Huu wa tatu kazi mbili zimeahirishwa na niko chini Sh14,000, na imebaki wiki moja. Inauma. Lakini inauma nikiwa kwa matatu, na dadangu ako nyumbani anasoma, na hakuna SACCO inanipigia simu.

Binamu alinunua tairi mpya. Alikopa ndio azinunue, lakini alinunua. Taa zote mbili zimezima. Juzi alinipa niendeshe kutoka Kariobangi mpaka kwao, na maze, hiyo gari bado ni tamu. Nilipofika nilimrudishia ufunguo, nikaenda stage.