Ya Mirambo, ya Mjerumani, na Madai Mengine

Akitoa mtu bunduki kuukuu sandukuni hapa Tabora, hukosi kusikia kwamba ni ya Mjerumani, tena ilifukiwa Wabelgiji walipokaribia. Anayetaka sifa zaidi husema ni ya Mirambo. Hili la Mirambo halituchukui muda. Mtemi huyo alifariki Desemba 1884. Lee-Enfield, ambayo huenda ndiyo iliyo mikononi mwa mzungumzaji wakati anaapa, iliingia jeshi la Uingereza mwaka 1895. Silaha zilizopanda na misafara kutoka Bagamoyo zilikuwa hasa magobore, ya kushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. Baruti ndiyo aliyoilipua Mtemi Isike ndani ya boma lake mwaka 1893, asije akaangukia mikononi mwa Wajerumani.

Dai la Mjerumani lina chembe ya ukweli, ndiyo maana halifi. Askari wake walikuwa na bunduki za bolti kweli, na waliiacha Tabora Septemba 1916, Wabelgiji wa Jenerali Tombeur wakaingia tarehe 19. Lakini vita ilipoanza, kombania zao nyingi zilikuwa bado na Mauser ya 1871: risasi moja moja, milimita 11, baruti nyeusi ambayo moshi wake ulimwonyesha adui pa kulenga. Mauser za kisasa ziliongezeka baada ya meli ya Rubens kupenya hadi Ghuba ya Manza mwaka 1915. Na hata ukikuta jina Mauser, usishangilie bado: jeshi la Ubelgiji nalo lilikuwa na Mauser yake ya 1889, iliyoundwa Herstal. Ushahidi uko kwenye chuma chenyewe. Lee-Enfield ina alama ya taji na mwaka kwenye pete ya chuma nyuma ya triga, pale kitako kinapoingia. Ukisukuma bolti yake mbele, utahisi springi ikikaza mwishoni. Mauser ya 1898 hukaza unapoinua mkono wa bolti. Sioni aibu ya bunduki kuwa ya Mwingereza. Alikaa hapa miaka arobaini, Mjerumani hakufikisha thelathini.

Dai ninalolipinga hasa ni la wenye pesa: kwamba bunduki ya jeshi iliyokatwa ikawa ya kuwindia imeharibiwa, na kuikarabati ni kuirudishia umbo la jeshi. Baada ya vita kuu zote mbili silaha za ziada ziliuzwa kwa bei ya chini. Mafundi wakafupisha ubao wa mbele, wakaondoa ubao wa juu ya mtutu na kishikio cha singe, wakafunga kilengeo kipya, pengine wakakata na mtutu wenyewe. Mtutu uliokatwa haurefuki tena. Ukiuvisha mbao ndefu mpya, unapata silaha bandia ya askari ambaye hakuwahi kuishika. Huku kwetu mkato huo unatupeleka kwenye zama nyingine kabisa: mashamba ya tumbaku ya Urambo yaliyofuata kuanguka kwa mradi wa karanga ulioanza 1947, maaskari wa wanyamapori waliotumwa kufukuza tembo mashambani, jaribio la Shinyanga la kuua wanyama pori ili mbung'o wakose damu. Anayeifuta alama hiyo ili bunduki ifanane na picha ya 1916 anachagua vita na kuitupa kazi, wakati miaka mingi ya bunduki hiyo huenda ilipita kazini.

Eti kitako kikipasuka lazima uagize mbao ya walnati Ulaya. Mninga wa miombo yetu ukikaushwa vizuri hausinyai sana, na unachongeka. Ila ufa mdogo hauhitaji kitako kipya. Gundi ya epoksi na kibano vinatosha.

Grainda na msasa navyo vina mashabiki, wanaosema chuma kiking'ara bei inapanda. Kinachoondoka ni taji, mwaka na namba, na bunduki isiyo na namba humletea mwenyewe maswali asiyoyataka. Chuma kilichofunguliwa kikichemshwa kwenye maji safi, kutu nyekundu hugeuka nyeusi na kushika. Kisha husuguliwa taratibu kwa stilwaya laini na mafuta.

Dai lililo hatari kuliko yote ni kwamba bolti ikifunga, bunduki inapiga. Bolti hufunga hata kwenye chemba iliyolika. Bunduki za Kijerumani za 1888 zilitengenezewa risasi ya inchi 0.318, na risasi mpya iliyofuata mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa 0.323, zote watu huziita milimita 8, hivyo ni rahisi kuzichanganya. Mauser ya 1871 nayo iliundwa kuhimili baruti nyeusi tu. Nafasi kati ya bolti na tako la risasi hupimwa na fundi mwenye geji, jicho haliwezi.

Na anayesema kitu cha kale hakihitaji kibali, asome Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Umri wa bunduki haumwondolei mtu wajibu wa leseni, na leseni ya babu hairithiwi pamoja na bunduki ya babu. Gobore nalo limo. Kwa hiyo safari huanzia kituo cha polisi kabla bisibisi haijatolewa, tena uende mikono mitupu kwanza, ukaulize. Na fundi utakayempa kazi naye awe na leseni ya kukarabati silaha.