Kisangani: kabla ya meli ya watalii, kuna balenieri ya mama wa mchele

Kila mara mambo ya utalii yanapozungumzwa Kisangani, wazo moja linarudi: meli ya kutembeza wageni kwenye mto Kongo. Mgeni aone kwanza wavuvi Wagenia na vikapu vyao kwenye maporomoko, halafu apande meli, ateremke karibu kilometa 100 hadi Yangambi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichojengwa na Wabelgiji, arudi na picha zake.

Wazo si baya. Historia yenyewe iko tele. Stanley alipita hapa 1877. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, alifanywa gavana wa maporomoko 1887, na Kiswahili cha sokoni Kisangani kilifika na watu wake. Mwandishi Joseph Conrad alipanda mto huu kwa meli ya mvuke 1890. Mwaka 1951 watu wa sinema walifika mpaka Ponthierville, Ubundu ya leo, kupiga sehemu ya filamu African Queen. Na wazee bado wanaizungumza Colonel Ebeya, meli ya ONATRA iliyosukuma mabaji yaliyojaa watu kati ya Kinshasa na Kisangani, huku mitumbwi ikijifunga ubavuni kuuza samaki wa moshi. Lilikuwa soko linalotembea.

Lakini leo ni nani anayesafiri kwenye mto huo? Ni mama wa mchele. Anapanda balenieri, mashua ya mbao yenye mota, anakaa juu ya magunia kati ya mbuzi na madumu ya mafuta ya mawese. Jile ya kuokoa maisha hana. Wakuu walikataza safari za usiku, balenieri zinaondoka usiku. Orodha ya abiria mara nyingi haipo, kwa hiyo mashua ikizama wafu wanahesabiwa kwa vilio vya mitaani. Mwezi wa Aprili 2025 mashua ya mbao iliwaka moto karibu na Mbandaka. Wakuu walisema moto ulitokana na mtu aliyekuwa akipika ndani. Waliokufa walipita 100.

Wanaotetea meli ya watalii wanajibu kwamba mtalii ataleta dola, na dola zitatengeneza mto. Hapo ndipo wanapokosea. Meli ya mgeni itakuja na jile zake, na vyombo vyake vya kuonyesha njia, na simu ya satelaiti. Itaweza kupita bila mto kutengenezwa hata kidogo. Itapishana na balenieri katikati ya maji, na wageni watatoa kamera. Hatari ya mama wa mchele itakuwa sehemu ya mandhari waliyolipia.

Wagenia wanaijua hali hiyo. Wamepigwa picha tangu wakati wa wakoloni, na bei ya kuwatembelea bado ni ya kubishana kila siku pale mlangoni. (Bei moja iliyobandikwa ukutani, na risiti, ingewasaidia wavuvi na wageni pia.)

Kinachohitajika mtoni kinajulikana. Balizi, zile alama zinazoonyesha njia yenye kina, zirudishwe kabla maji hayajapungua na mafungu ya mchanga kujitokeza. Hiyo ni kazi ya Régie des Voies Fluviales. Balizi haibagui: inayomwongoza muuza mchele itamwongoza mtalii kesho. Serikali ya jimbo la Tshopo ikitaka kuonyesha ina nia ya utalii, ianze na kipande hichohicho cha Kisangani–Yangambi. Balenieri isiyo na jile isiondoke. Inayotaka kuondoka jioni ingoje asubuhi. Na kila abiria aandikwe jina kabla ya kupanda. Kwa hilo hakuna haja ya kungoja dola za mgeni: daftari moja na kalamu vinatosha, na mtu wa kusimama bandarini asiyechukua kitu kidogo ili afumbe macho.