Mzigo Wako Una Jina?



Kabla hujatoka kwenda stage asubuhi hii, nikuulize swali moja. Ni nini humfanya mtu mmoja asimame na kubadilisha jambo katika jamii, huku mamia wakipita tu?

Wengi tunasema ni hasira. Lakini hapa Donholm hasira tunazo tele! Mtaro ukiziba tunawaka. Taka zikikaa wiki mbili, kundi la WhatsApp la mtaa halilali. Kufikia Ijumaa tumepoa, na taka ziko palepale. Hasira huwasha moto, lakini haileti kuni.

Twende Uhuru Park, pale kona ya Freedom Corner. Mwishoni mwa Februari 1992, kundi la akina mama, wengi wao wazee kutoka mashambani, walikuja Nairobi. Wana wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa. Kwanza walipeleka ombi lao kwa Mwanasheria Mkuu. Kisha wakaketi pale bustanini wakagoma kula, wakisema wanasubiri watoto wao. Mmoja wao alikuwa Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere. Profesa Wangari Maathai akaketi pamoja nao.

Tarehe 3 Machi polisi wakaja na rungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya polisi, na wewe unajua uzito wa jambo hilo katika mila zetu. Walipofukuzwa pale hawakukata tamaa. Walihamia All Saints Cathedral, wakakesha humo karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa mwanzoni mwa 1993.

Mpendwa, hawa hawakuwa wanasiasa. Hakuna aliyewalipa. Kilichowatoa nyumbani kilikuwa na jina na sura. Alikuwa mtoto aliyemnyonyesha.

Utaniuliza, "Pastor, huo si ubinafsi, kupigania wako tu?" Hapana. Akina mama walipokuwa wameketi pale, watu wasiowajua walianza kuja, mmoja mmoja, kusimulia hadharani jinsi walivyoteswa vizuizini. Mambo yaliyokuwa yakinong'onwa yakasemwa mchana. Upendo kwa mtoto mmoja ulifungua mlango kwa watoto wa wengine.

Nehemia naye alianza hivyo. Aliposikia habari za Yerusalemu hakuitisha mkutano kwanza. Aliketi, akalia, akafunga, akaomba. Ule ulikuwa mji wenye makaburi ya baba zake. Na ukisoma sura ya 3 utaona jambo tamu: baadhi yao walijenga sehemu ya ukuta iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Hakuna aliyepewa ukuta wote. Lakini kila mmoja alipojenga sehemu yake, ukuta ulikamilika.

Niungame kidogo. Wakati mmoja niliongoza usafi wa mtaa. Tulikuwa na fulana mpya, spika na picha nyingi za kuweka mtandaoni. Baada ya mwezi mtaro ulikuwa umejaa tena, na mimi nilikuwa nimeshahamia mpango mwingine. Lakini kuna mama mmoja jirani ambaye kila Jumamosi hutoka na reki yake. Nilipomuuliza anapata wapi nguvu, alinijibu, "Pastor, mjukuu wangu hupita hapa akienda shule." Nilinyamaza. Mimi nilikuwa na mpango, yeye alikuwa na mjukuu.

Kwa hiyo usianze kwa kumwomba Mungu akupe jambo kubwa. Jiulize ni nani anayekuliza usiku. Labda ni kijana wa plot yenu anayemaliza pesa kwenye kamari. Labda ni dada wa kazi asiyelipwa mshahara wake, na wewe unajua. Labda ni mjane anayezungushwa ofisi hadi ofisi. Jamii ni neno kubwa, na maneno makubwa huchosha haraka. Jina la mtu halikuachi ulale.

Wiki hii chukua jina moja. Liombee siku tatu. Kisha tembea: mtembelee, mpigie simu, mwandikie barua, msindikize hadi ofisi inayohusika. Usiende peke yako. Hata akina mama wale walikwenda pamoja. Na usikubali mtu akuambie kwamba maombi yanatosha bila miguu. Wale waliomba, na waliketi mpaka mlango ukafunguka.

Tuombe: Baba, niondolee hasira isiyo na kazi. Nionyeshe mtu mmoja, unipe upendo usiopoa Ijumaa ikifika. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika Amina. Lile jina usiliandike hapa. Nenda nalo kwa magoti, kisha kwa miguu.

Ubarikiwe, tuonane Jumapili.