Tenisi ya Wawili Haipimwi kwa Mapato ya Mlangoni

Mwaka 1884 mapacha wawili wa Kiingereza, William na Ernest Renshaw, walitwaa ubingwa wa kwanza wa wanaume wawili wawili katika mashindano ya tenisi ya Wimbledon. Hadi mwaka 2022 ubingwa huo ulikuwa ukigombewa kwa seti tano, na mshindi ni yule aliyetangulia kupata seti tatu. Mwaka 2023 seti tano zikafanywa tatu. Upande wa wanaume wanaocheza mmoja mmoja haukuguswa. Wengi waliisoma habari hiyo wakaipita, kwani nani anayejali hesabu ya seti? Lakini mti haukatwi kwa shoka moja. Yafaa tuulize mkono ulioshika shoka unaelekea wapi.

Kwanza tuelewe mchezo wenyewe. Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Akicheza mmoja mmoja, upana wake ni mita 8.23; wakicheza wawili wawili, upana huongezeka kuwa mita 10.97. Mgeni hudhani kwamba kazi imegawanywa nusu kwa nusu, kila mtu na upande wake. Sivyo hata kidogo. Mpira ulio hatari kuliko yote ni ule upitao katikati, ambao kila mmoja aweza kuufikia na kila mmoja aweza kumwachia mwenziwe. Mmoja anapoanzisha mpira kutoka nyuma, mwenziwe husimama karibu na wavu, mkono mgongoni, akimwonyesha kwa vidole hila watakayoitumia. Asipoaminiwa, hila hiyo haina maana. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Sasa tutazame malipo. Katika Wimbledon, wanaume 128 huingia kucheza mmoja mmoja, na timu 64, yaani wanaume 128 vilevile, huingia kucheza wawili wawili. Mwaka 2025 bingwa wa mmoja mmoja alipewa paundi 3,000,000. Timu iliyotwaa ubingwa wa wawili ilipewa paundi 680,000, wakagawana 340,000 kila mtu. Bingwa wa kwanza alishinda mara saba, hawa mara sita. Lakini fungu la kila mmoja wao halikufikia hata moja ya nane ya fungu lake.

Watetezi wa hali hii wanayo hoja, na si haki kuificha. Wanasema watazamaji hukata tiketi ili wawaone mabingwa wa mmoja mmoja, na televisheni hulipia hao hao. Wanasema pia kwamba seti tano huwachosha wachezaji na kuvuruga ratiba mvua inaponyesha. Kuhusu ratiba, nakubali. Hata kuhusu malipo, sidai kwamba mafungu lazima yalingane. Ninachokikataa ni fikra kwamba mapato ya mlangoni ndiyo mizani pekee ya thamani ya kazi.

Fikra hiyo si ngeni. Mwaka 2005 chama kinachoendesha mashindano ya wanaume wa kulipwa, ATP, kilitangaza mpango wa kufupisha seti na, baada ya muda, kuwapa wachezaji wa mmoja mmoja sehemu kubwa ya nafasi za mchezo wa wawili. Wachezaji wa wawili walikwenda mahakamani nchini Marekani. Palipatikana suluhu: seti zilibaki kamili, lakini tangu mwaka 2006 timu zikifungana seti moja kwa moja katika mashindano ya kawaida ya chama hicho, seti ya tatu haichezwi, bali hushindaniwa pointi kumi tu. Nafasi zao ziliokolewa kwa kukubali mchezo ufupishwe.

Je, ni nani wangefungiwa mlango? Mfinlandi Harri Heliövaara aliwahi kuiacha tenisi kwa miaka kadhaa, akafanya kazi katika uwanja wa ndege wa Helsinki. Mwingereza Henry Patten aliwahi kuajiriwa Wimbledon kuandika takwimu za michezo ya wengine. Mwaka 2024 watu hao wawili, walioanza kucheza pamoja mwaka huo huo, waliokoa pointi tatu ambazo zingewapa wapinzani wao ubingwa, wakawa mabingwa wa Wimbledon. Mwaka huo huo, kule Australia, Mhindi Rohan Bopanna alitwaa ubingwa wa wawili pamoja na Matthew Ebden, akiwa na umri wa miaka 43. Bopanna ndiye yule ambaye mwaka 2010 alifika fainali ya mashindano makuu ya Marekani pamoja na Mpakistani Aisam-ul-Haq Qureshi, mabalozi wa nchi zao zilizohasimiana wakiwatazama. Walishindwa siku hiyo, lakini nani atathubutu kuithamini picha ile kwa bei ya tiketi?

Na anayedhani kwamba nyota yeyote aweza kuifanya kazi hii akumbuke New York mwaka 2025. Huko mashindano ya wawili mchanganyiko, mwanamke na mwanamume, yalikatwa yakabaki timu 16, na nusu ya nafasi zikatolewa kwa kufuata sifa za mchezo wa mmoja mmoja. Waitaliano Sara Errani na Andrea Vavassori, mabingwa watetezi, waliingia kwa hisani ya waandalizi. Katika fainali wakawashinda Iga Swiatek na Casper Ruud, nyota wa mmoja mmoja. Walioingizwa kwa hisani ndio waliobeba kombe.

Ndugu msomaji, ukiwa mwalimu au mtumishi wa ofisi, jambo hili halihitaji tafsiri kwako. Unajua kwamba kazi iliyo bora mara nyingi haipigiwi makofi, na kwamba jalada lifikalo mezani limekamilika limepitia mikono isiyotajwa. Basi waandalizi wa tenisi wafupishe wanachopaswa kufupisha, lakini nafasi za wawili wapewe wanaoujua mchezo wa wawili, viwanja vikubwa wavipate, na fungu lao liwatosheleze kuishi kwa kazi hiyo. Mchezo unaofichwa uani haupati watazamaji. Na kisha ukosefu wa watazamaji ndio unaotolewa kuwa sababu ya kuuficha.